Maji, sabuni, gliserini au mafuta: utie nini kwenye kinoo unaponoa wembe wa kukunja?

Wembe wa kukunja ukishapita jiwe la namba 1000, la 5000 na la 8000 (namba ikikua, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi), kazi nzito imekwisha. Yanabaki mapito machache kwenye jiwe laini la mwisho, na hapo ndipo wengi hukwama. Jiwe ni zuri, mkono umetulia, lakini wembe ukigusa shavu bado unavuta. Mara nyingi nimekuta kasoro haiko kwenye jiwe wala kwenye mkono, iko kwenye kile kilichomiminwa juu ya jiwe. Wembe uleule na jiwe lilelile, ukibadili maji ukatia mafuta mepesi, au ukaacha maji ukapaka povu, hutoa makali mengine.

Wapo wanaodhani kilainishi, yaani hicho unachomimina juu ya jiwe, ni cha kupoza chuma. Kwa kunoa kwa mkono joto lenyewe ni dogo, na kupoza si kazi yake kubwa. Kazi zake ni tatu: kubeba unga wa chuma usizibe uso wa jiwe, kupunguza msuguano ili wembe usikwamekwame, na kuweka utando mwembamba kati ya chuma na jiwe. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Utando ukiwa mwembamba, chembe za jiwe huzama zaidi ndani ya chuma, na ukiwa mnene hugusa juujuu. Makali ya wembe uliokamilika ni membamba kuliko maikromita 1, kwa hiyo hata tofauti ndogo ya kina cha mikwaruzo utaisikia usoni.

Nitakavyolinganisha

Kila kilainishi nitakipima kwa mambo yaleyale.

*Jiwe.* Swali la kwanza ni kama jiwe lako linakikubali, na nimeliweka mbele kwa sababu kosa la hapa ni gumu kulirekebisha. Mawe ya maji ya kutengenezwa, kama ya kampuni za Naniwa na Shapton, yamekusudiwa maji. Coticule ya Ubelgiji, ichimbwayo eneo la Vielsalm katika Ardennes, ni chembe ndogo za ganeti ndani ya mika laini, na kwa desturi hunolewa kwa maji. Arkansas ya Marekani ni novakulaiti, ambayo zaidi ya asilimia 99 ni silika. Ni gumu, limeshikamana, na hupokea maji na mafuta vilevile. Jiwe liitwalo India, la kampuni ya Norton, hutoka kiwandani likiwa limeshanyweshwa mafuta.

*Mguso.* Utando una unene gani, na mkono unapata habari kiasi gani kutoka chini?

*Uchafu.* Unga wa chuma unabebwa, au unaachwa ugande kwenye jiwe?

*Kutu na usafi.* Nyembe nyingi za kukunja ni za chuma cha kaboni, na chuma hicho hakina subira na unyevu. Hapa naangalia pia kazi ya kusafisha wembe, jiwe na mkanda wa ngozi wa kulainishia makali baadaye.

*Anayefaa.* Nani atafurahi nacho.

Maji matupu

*Jiwe.* Karibu mawe yote hukubali maji, isipokuwa yaliyokwisha kujaa mafuta. Mawe ya kutengenezwa yana tabia zake. Mengine hulowekwa mpaka yaache kutoa viputo, mengine hunyunyiziwa tu, na yaliyogandishwa kwa magnesia yanaweza kupasuka yakilazwa majini. Fuata maelezo ya aliyelitengeneza.

*Mguso.* Katika vilainishi vyote vya hapa, maji ndiyo yenye utando mwembamba kabisa, kwa hiyo jiwe hukata kwa nguvu zake zote na mkono husikia kila kitu. Faida ninayoipenda zaidi inaonekana kwa macho. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kisha usukume taratibu, makali yakitangulia, bila kukandamiza. Makali yakiwa bado butu, yatasukuma wimbi dogo la maji mbele yake. Yakikaribia kukamilika, wimbi hilo linatoweka. Maji hupanda juu ya wembe, kwa kuwa makali yamepita chini yake badala ya kuyasukuma. Tazama urefu wote, toka kisigino, upande wa mpini, hadi ncha. Ukiona kisigino kinapandisha maji na ncha bado inayasukuma, umeshajua pa kurudia. Vilainishi vizito huifanya ishara hii iwe ngumu kusoma.

Maji pia ndiyo njia ya kufanya kazi na tope la jiwe. Kwenye Coticule unasugua kijiwe kidogo juu ya jiwe kubwa mpaka upate uji mwembamba. Uji huo hukata haraka. Kisha unaongeza tone moja moja la maji, na kila tone linapunguza kasi, mpaka mwisho unabaki na maji safi peke yake. Jiwe moja linakuwa kama mawe matatu. Mafuta hayakupi nafasi hiyo.

*Uchafu.* Kwenye jiwe lenye vinyweleo hubeba vizuri. Kwenye jiwe gumu lisilonyonya, kama Arkansas au seramiki, maji hujikusanya matone matone na kuacha sehemu kavu. Hapo unga wa chuma hujipaka, uso unaanza kung'aa kijivu, na jiwe linaacha kukata.

*Kutu na usafi.* Huu ndio udhaifu wake. Jiwe unalisuuza na kazi imekwisha, lakini wembe unahitaji uangalizi. Kuufuta juu hakutoshi, maana maji hujificha kwenye pini, kati ya vipande viwili vya mpini, na kutu huanzia pale usipoona. Pitisha karatasi laini katikati ya mpini, kisha uache wembe wazi kwa saa kadhaa kabla ya kuukunja.

*Anayefaa.* Anayejifunza, kwa sababu ya ile ishara ya wimbi. Mwenye mawe ya kutengenezwa. Mpenzi wa Coticule.

Maji yenye tone la sabuni

*Jiwe.* Mawe yote ya maji, na zaidi yale magumu yanayoyakimbia maji matupu. Sahani za almasi, yaani bamba za kunolea zilizopakwa chembe za almasi, pia huenda nayo vizuri.

*Mguso.* Badiliko hapa ni kubwa kuliko tone lenyewe. Mvutano wa uso wa maji safi ni karibu milinyutoni 72 kwa mita kwenye nyuzi joto 25. Sabuni kidogo huushusha hadi kama 30. Maana yake ni kwamba maji yaliyokuwa yakijikunja kuwa matone sasa yanatandaa na kulifunika jiwe lote. Wembe unateleza bila kushtuka, na unene wa utando haujaongezeka sana, kwa hiyo jiwe bado linakata. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji linatosha. Likizidi, povu litakuficha maji, na ile ishara ya wimbi itapotea. Hata kwa kipimo sahihi maji hupanda juu ya wembe mapema kidogo kuliko yakiwa matupu, kwa hiyo usiisome ishara kwa kipimo kilekile.

*Uchafu.* Ni bora kuliko maji matupu kwenye mawe magumu, kwa sababu hakuna tena sehemu kavu.

*Kutu na usafi.* Sabuni halisi ya kipande ina alkali, na alkali huchelewesha kutu. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo hazina faida hiyo, kwa hiyo kausha wembe kama kawaida. Kama maji yako ni magumu, yenye chokaa nyingi, sabuni ya kipande itatoa mgando mweupe unaoelea na kushika jiwe. Tumia maji ya mvua, au hamia sabuni ya maji, ambayo haigandi hivyo.

*Anayefaa.* Mwenye Arkansas au seramiki asiyetaka harufu na kazi ya mafuta. Pia anayetaka kujaribu kitu kabla ya kuamua, maana ukisuuza hakuna kinachobaki.

Povu la kunyolea

*Jiwe.* Vile vijiwe vidogo vya vinyozi vilivyotengenezwa kwa ajili ya kurudisha makali kati ya kunyoa na kunyoa, na mawe magumu ya mwisho. Usilipake kwenye jiwe lenye vinyweleo vikubwa, kwa kuwa sabuni itaingia na kukaa.

*Mguso.* Ni laini kuliko sabuni ya maji. Povu lina mwili, linaubeba wembe kidogo, na jiwe linagusa kwa upole. Kasi inashuka sana, na hilo ndilo linalotakiwa. Ukiwa na kijiwe cha kinyozi kinachokata kwa ukali, mapito matano hadi kumi juu ya povu jembamba yanatosha. Lisiwe povu zito la kunyolea lililosimama kama krimu. Paka kwa brashi, uongeze maji mpaka liteleze.

*Uchafu.* Linabeba vya kutosha kwa mapito machache. Si la kazi ndefu, kwani hukauka pembezoni na kuanza kunata.

*Kutu na usafi.* Alkali ya sabuni inasaidia. Suuza wembe na jiwe mara moja, sabuni isikaukie kwenye mpini.

*Anayefaa.* Ambaye wembe wake ulikuwa mzuri wiki mbili zilizopita na sasa umeanza kuvuta kidogo. Wembe uliopoteza makali kabisa hautaokolewa na povu.

Gliserini

*Jiwe.* Yale yanayokubali maji, hasa magumu. Gliserini huchanganyika na maji kabisa, kwa hiyo haikufungi kama mafuta.

*Mguso.* Hapa unapata kitu ambacho vingine havina, yaani uwezo wa kupanga unene mwenyewe. Gliserini safi kwenye nyuzi joto 20 ni nzito, kwa maana ya kutiririka kwa shida, kama mara 1,400 kuliko maji. Peke yake ni nzito mno. Wembe huelea, na unaweza kupiga mapito hamsini bila kufanya kazi yoyote. Lakini ichanganye na maji nusu kwa nusu kwa uzito, na uzito huo wa kutiririka unaporomoka hadi kama mara 6 tu ya maji. Hicho ni kilainishi kizuri kwa jiwe la mwisho, chenye utando wa kati kati ya maji na mafuta. Ukitaka jiwe likate zaidi, ongeza maji. Ukitaka lipapase, ongeza gliserini. Mimi huanza na sehemu moja ya gliserini kwa tatu za maji, kisha naongeza polepole.

*Uchafu.* Hubeba vizuri na haikauki upesi. Kwenye Arkansas, ambapo kumaliza kunaweza kuchukua mapito mia moja au zaidi, hutalazimika kusimama kila mara kuongeza maji.

*Kutu na usafi.* Wengi hukosea hapa wakidhani kwa kuwa gliserini hunata kama mafuta, italinda chuma. Gliserini hunyonya unyevu kutoka hewani. Wembe ulioachwa nayo unabaki na unyevu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, ndipo upake tone la mafuta ya kuhifadhia kama utauweka muda mrefu. Jiwe linasuuzika kwa maji tu.

*Anayefaa.* Mwenye jiwe gumu ambaye maji ni mepesi mno kwake na mafuta hayataki. Na mwenye subira ya kujaribu vipimo.

Mafuta mepesi ya madini

Hapa namaanisha mafuta ya cherehani, mafuta meupe ya madini, au yale yauzwayo mahususi kwa kunolea. Ya injini ni mazito na yana viungo vingi, yaache kwenye injini.

*Jiwe.* Arkansas, India, na mawe mengine ya mafuta. Usiyatie kwenye jiwe la maji la kutengenezwa wala kwenye Coticule. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta yakishaingia kwenye jiwe laini nayo hayatoki. Yatazama, yatakaa, na kila utakapotia maji yatakataa. Jiwe gumu kama Arkansas lina nafuu, kwa kuwa mafuta hukaa karibu na uso, na ukilisugua kwa sabuni na brashi mara kadhaa unaweza kulirudisha kwenye maji.

*Mguso.* Utando mzito, ulio sawa, usiokauka. Wembe huteleza kama unapita juu ya kioo, na mikwaruzo inayobaki ni ya juujuu sana. Wengi huyaita makali ya aina hii mapole, na nakubaliana nao: wembe uliomalizwa kwenye Arkansas ngumu kwa mafuta mepesi unapita kwenye shingo bila kuacha moto. Lakini utando huohuo ndio unaowafanya wengine walitupie jiwe lawama kwamba halikati. Kama kibapa cha makali, ule mteremko mwembamba pande zote mbili, hakijakamilika kwenye mawe yaliyotangulia, mafuta hayatakikamilisha. Yatakupotezea jioni nzima.

*Uchafu.* Bora kabisa kwa mawe ya mafuta. Unga wa chuma huelea, mafuta yanakuwa meusi, unafuta, unatia mengine.

*Kutu na usafi.* Kwa kutu hayana mpinzani hapa. Kwa usafi ndiyo yenye kazi zaidi. Wembe lazima uoshwe kwa sabuni kabla haujafika kwenye mkanda wa ngozi. Wembe wenye mafuta meusi unapeleka unga wa chuma kwenye ngozi, na mkanda uliokuwa wa kulainisha unageuka wa kukwaruza. Futa kuanzia mgongo kwenda kwenye makali, usifute kinyume.

*Anayefaa.* Mwenye jiwe la mafuta tayari, anayemaliza nyembe kwa utulivu, na asiyechoshwa na kuosha.

Vinavyotajwa pembeni

Mafuta ya taa hukata vizuri, ni mepesi, na yanazibua jiwe la mafuta lililoganda kuliko kitu chochote nilichokijaribu. Lakini mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia karibu nyuzi joto 38, na harufu yake hung'ang'ania mpini. Nayaweka kwenye kusafisha jiwe, nje, mbali na moto. Wengine huyatumia kuzimua mafuta mazito, na hilo hufanya kazi kwa tahadhari hiyohiyo.

Mafuta ya kupikia yana kasoro moja inayofunika sifa zote. Mengi yake hushika hewa na kugeuka gundi. Niliwahi kuacha jiwe na mafuta ya alizeti kwa majuma machache. Uso ulikuwa na ngozi ya njano inayonata, na kuiondoa kulinichukua siku mbili za mafuta ya taa na brashi. Mafuta ya nazi hayagandi kwa njia hiyo, ila huwa mango chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya baridi unapaka kitu kama nta.

Mate yaache kabisa. Kifaa hiki kinagusa ngozi na wakati mwingine damu.

Kunoa pakavu kunawezekana kwenye seramiki na baadhi ya vijiwe vya vinyozi kwa mapito matatu manne, kisha jiwe lioshwe. Mguso ni mkali, habari ni nyingi, na uso huziba haraka.

Kwa hali yako

Kama una mawe ya maji ya kutengenezwa tu, chaguo lako ni maji matupu, na tone la sabuni pale wembe unapokwama kwenye jiwe la mwisho. Usitafute zaidi ya hapo kwenye chupa. Kama makali hayajakaa, rudi kwenye jiwe la namba 1000 uangalie kibapa.

Kama una Coticule, tumia tope, kisha maji, kisha ukitaka upole zaidi, mapito machache ya povu jembamba.

Kama una Arkansas na unapenda makali yenye ukali unaosikika, anza na maji ya sabuni. Ukiona ngozi yako inalalamika, jaribu gliserini iliyozimuliwa kabla ya kwenda kwenye mafuta, kwa sababu gliserini inakuachia njia ya kurudi. Ukishayapenda mafuta, baki nayo. Kubadilishabadilisha kwenye jiwe moja kunakunyima kulijua.

Kama unanyoa watu wengine, kinachosuuzika kwa maji kina uzito zaidi ya upole kidogo wa mafuta, maana wembe lazima uoshwe na kutakaswa kila mara.

Na kama umepata jiwe la zamani usilolijua, labda lilikuwa la babu, lioshe kwa sabuni na brashi, liache likauke siku nzima, kisha liwekee tone moja la maji. Likinywewa, ni jiwe lenye vinyweleo, liwekee maji na usilitie mafuta. Tone likikaa juu kama shanga, ama jiwe ni gumu sana, ama lina mafuta ndani. Chora mstari juu yake kwa kucha uliyoichovya kwenye maji ya sabuni. Mstari ukitandaa na kubaki, anza na maji ya sabuni. Maji yakiendelea kukimbia na kucha ikatoka na utelezi wa njano, aliyelitumia kabla yako aliishachagua mafuta, na jiwe hilo litakufanyia kazi vizuri zaidi ukiendelea alipoishia.